Uhandisi na Insia katika Shahada Moja: Mazingatio kutoka Mwambao wa Ziwa Viktoria

IKISIRI

Makala haya yanachunguza thamani ya shahada inayounganisha uhandisi na taaluma za insia, yaani lugha, fasihi, historia na falsafa, kwa kuzingatia mazingira ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria. Hoja ya msingi ni kwamba muungano huo hauna tija iwapo ni wa kurundika masomo tu. Tija yake huonekana pale ambapo fani hizo mbili zinakutana katika tatizo moja lisiloweza kutatuliwa na fani moja peke yake. Usalama wa vyombo vya majini unatumiwa kama kielelezo, na muundo wa programu ya miaka mitano unapendekezwa.

1.0 UTANGULIZI

Suala la kuunganisha uhandisi na insia hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la kumstaarabisha mhandisi: asome riwaya kidogo na historia kidogo ili asiwe mtu wa hesabu tupu. Mtazamo huo unaifanya insia kuwa pambo, na pambo huondolewa mara tu ratiba inapobana. Makala haya yanashika mtazamo tofauti, kwamba maarifa ya lugha na jamii ni sehemu ya kazi ya uhandisi yenyewe. Ili kuithibitisha hoja hii, sehemu ya pili inaainisha aina za muungano, ya tatu inaeleza mgawanyo wa fani nchini Tanzania, ya nne inachambua kielelezo cha ziwa, na ya tano inatoa pendekezo.

2.0 AINA ZA MUUNGANO

Duniani kuna aina tatu zilizo bayana. Ya kwanza ni muungano wa nyongeza. Katika Massachusetts Institute of Technology, Marekani, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, wa uhandisi akiwamo, hana budi kufaulu masomo manane ya insia, sanaa na sayansi za jamii. Ya pili ni muungano wa mfuatano. Columbia University ina mpango ambao mwanafunzi husoma miaka mitatu katika chuo cha sanaa na sayansi, kisha miwili katika uhandisi, na kutunukiwa shahada mbili. Ya tatu ni muungano sambamba, uliozoeleka Australia, ambapo shahada ya uhandisi na ile ya sanaa husomwa kwa pamoja kwa miaka mitano au zaidi badala ya saba.

Tanzania imekuwa na aina ya kwanza kwa muda mrefu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, katika kipindi ambacho somo la maendeleo lilikuwa la lazima kwa wanafunzi wa fani zote. Nia ilikuwa njema: mtaalamu aijue jamii iliyomsomesha. Hata hivyo, somo hilo lilifundishwa kando ya uhandisi, si ndani yake. Mwanafunzi aliweza kufaulu yote mawili bila hata mara moja kulazimika kuyakutanisha.

3.0 MGAWANYO WA FANI

Mgawanyo wa fani nchini huanza mapema kuliko chuo kikuu. Baada ya kidato cha nne, anayeelekea uhandisi huingia tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, na anayeelekea insia huingia tahasusi kama HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo, mhandisi wa kawaida husoma Kiswahili kama somo kwa mara ya mwisho akiwa kidato cha nne. Aidha, tangu sekondari amekuwa akijifunza sayansi kwa Kiingereza. Fizikia yote anayoijua kwa kina ameipata katika lugha ambayo wengi wa watumiaji wa kazi yake hawaitumii.

Katika Mwanza, mgawanyo huu unaonekana dhahiri katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania. Chuo hicho, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998, kilichipuka kutoka taasisi ya mafunzo ya jamii ya Nyegezi iliyoanzishwa mwaka 1960, nacho kinajulikana sana kwa taaluma ya mawasiliano ya umma. Uhandisi umekuja kufundishwa katika chuo hichohicho. Fani mbili zimekuwa majirani. Hata hivyo, ujirani si muungano.

4.0 ZIWA KAMA KIELELEZO

4.1 Ajali mbili

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa katika orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara katika Wilaya ya Ukerewe, kilipinduka kikikaribia gati. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Mzigo wa kivuko si kiasi kimoja kinachojirudia kila siku. Hupanda na kushuka kufuatana na gulio, msimu wa mavuno, misiba na sikukuu. Mhandisi anayekadiria mzigo bila kuijua kalenda ya wakazi anakokotoa kwa usahihi juu ya takwimu isiyo sahihi.

4.2 Maana ya "kujaa"

Upande wa lugha nao una mchango wake. Katika matumizi ya kila siku, kitenzi "kujaa" huhusu nafasi: chombo kimejaa pale mtu anapokosa mahali pa kusimama. Kwa mhandisi, chombo hujaa kwa uzito na kwa mpangilio wa uzito huo. Watu wakisimama juu, kitovu cha uzito hupanda. Wakihamia upande mmoja, hulalia upande huo, na kani ya maji inayokiinua chombo huenda isitoshe kukirudisha wima. Kwa hiyo kivuko chaweza kuwa kimejaa hatari huku abiria akiona, na kusema kwa ukweli wa lugha yake, kwamba nafasi bado ipo. Tangazo lisemalo "Usipande kivuko kilichojaa" halitoi onyo linalokusudiwa. Linathibitisha maana ileile inayohatarisha.

Ni kweli kwamba Kiswahili hakikosi msamiati wa jambo hili. Mabaharia wa pwani wana neno "farumi", yaani uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisiyumbe. Dhana nzima ya kushusha kitovu cha uzito imo katika neno hilo. Hata hivyo, mwanafunzi wa uhandisi hukutana na dhana hiyo kwa Kiingereza, naye mwanafunzi wa isimu hukutana na neno hilo katika kamusi, na hakuna darasa linalowakutanisha. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, lakini istilahi huishi kwa kutumiwa na wataalamu, si kwa kuchapishwa tu.

4.3 Matini ya mahali

Ukerewe hiyohiyo ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe, hadi mwaka 1945, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili; ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Riwaya hiyo inaeleza kwa kina kazi za mikono, kilimo na tiba za Wakerewe. Kwa mwanafunzi wa uhandisi, matini ya namna hii ni ushahidi wa jinsi jamii ya ziwa ilivyoyaeleza maarifa yake ya ufundi kwa lugha yake.

5.0 PENDEKEZO

Shahada ya uhandisi nchini huchukua miaka minne na ya sanaa mitatu. Kuzisoma moja baada ya nyingine ni miaka saba, gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuibeba. Inapendekezwa programu ya miaka mitano ambamo masomo ya msingi ya uhandisi hayapunguzwi, kwa kuwa mhitimu atapaswa kukidhi masharti ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Masomo ya insia yenye uzito wa mwaka mmoja yasambazwe katika miaka yote mitano, na mwaka wa mwisho uwe na tasnifu moja inayosimamiwa na wahadhiri wawili, mmoja kutoka kila fani. Kwa kuwa sehemu ya insia ni pungufu ya shahada kamili, uadilifu unadai iitwe shahada moja yenye matawi mawili.

Pingamizi kubwa ni lile la methali: mshika mbili moja humponyoka. Pingamizi hilo lina nguvu dhidi ya programu ya kurundika. Halina nguvu hiyo pale mbili zinaposhikwa kwa kazi moja: kukadiria mzigo wa siku ya gulio na kuandika onyo litakaloeleweka gatini ni kazi moja.

6.0 HITIMISHO

Uhandisi umeendelea kulibadili ziwa. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takribani kilomita 3, na waliokuwa wakingoja kivuko hapo sasa huvuka kwa dakika chache. Lakini visiwa vingi vya Ukerewe vitaendelea kufikiwa kwa vyombo vya majini, na usalama wa vyombo hivyo utaendelea kutegemea hesabu iliyo sahihi na neno lililoeleweka. Ni juu ya idara za Kiswahili kuacha kungoja kualikwa na wahandisi, na kuanza kuandaa nusu yao ya mtalaa.