Kipimo cha Homa ya Ini Hakimtafuti Mwenye Kosa



Baba huenda kutoa damu, au mama mja mzito hupimwa kliniki, kisha huambiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Nyumbani swali la kwanza huwa: "Umeyatoa wapi haya?" Kabla ya kuulizana hivyo, yafaa tujue vipimo husema nini, na hunyamaza juu ya nini.

Kipimo cha kwanza huonyesha kwamba virusi vimo mwilini. Vikionekana tena baada ya miezi 6, ugonjwa umekuwa sugu. Daktari huagiza pia kipimo cha wingi wa virusi. Damu hutolewa katika mshipa wa mkono, na mashine ya maabara hukadiria idadi ya virusi katika kila mililita. Hesabu hiyo ina kazi tatu.

1. Kuamua matibabu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, mtu mzima aliye na zaidi ya 2,000, na ambaye damu yake yaonyesha ini linaumia, ni mmoja wa wanaostahili dawa.

2. Kumkinga mtoto. Mama mja mzito aliye na zaidi ya 200,000 hupewa dawa ya tenofovir. Mtoto naye apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

3. Kufuatilia dawa. Virusi visipoonekana tena, dawa inafanya kazi. Hiyo si kupona, kwani virusi hujificha ndani ya ini. Asiache dawa bila idhini ya daktari.

Lakini hesabu hiyo haisemi ugonjwa uliingia lini, wala kwa njia ya nani. Virusi hivi hupita katika damu na tendo la ndoa, na pia kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Walioambukizwa wakiwa wachanga, karibu 9 kati ya 10 hubaki na ugonjwa sugu; walioambukizwa ukubwani hawafiki 1 kati ya 20. Basi mwenzako aweza kuwa ameishi nao tangu utotoni, kabla hamjajuana. Kumshtaki kwa karatasi ya maabara ni kumhukumu bila shahidi.

Lililo la haki ni hili: mwenzi na watoto wapimwe. Asiye na virusi wala kinga achanjwe dozi zote 3, na hadi amalize, mwulizeni daktari jinsi ya kujilinda. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Sahani, kikombe na kukumbatiana haviambukizi. Msimtenge mgonjwa mezani.

Ya kuzungumza wawili:
- Je, sisi wawili tumewahi kupimwa?
- Mmoja wetu akipata jibu zito, atathubutu kulileta nyumbani siku hiyo hiyo?