Ndege za Rafadha katika Bujumbura

Mhariri ametuomba sisi tuliokwisha kumaliza masomo tuandike juu ya mambo ya mahali tunapokaa. Mimi nakaa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nami ni mwalimu wa hesabu. Nimechagua ndege ndogo za rafadha kwa sababu elimu iliyomo ndani yake ni ile ile mnayosomeshwa darasani. Tena, Burundi iliwahi kuwa na shirika lake la ndege za namna hii, nalo likanyamaza, na watu wengi husema lilinyamaza kwa kuwa ndege zake zilikuwa za kizamani, "za mapanga". Neno hilo silikubali.

Rafadha ni yale mapanga yazungukayo mbele ya mashini ya ndege. Wengine huyaita pangaboi. Fundi mmoja wa gereji hapa Buyenzi alibishana nami jioni nzima akisema kuwa nyuma ya rafadha hapana budi kuwa na pistoni kama za lori. Zamani ilikuwa hivyo. Lakini katika ndege nisemazo mna turbini. Hewa huvutwa ndani, hukandamizwa, huchanganywa na mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa, kisha huwashwa. Hewa hiyo ya moto hutanuka kwa nguvu na kuzungusha gurudumu lenye mapanga madogo mengi. Katika jeti, hewa ya moto hutupwa nyuma nayo husukuma ndege mbele. Katika ndege hizi, karibu nguvu yake yote huchukuliwa kuzungusha rafadha. Ndiyo maana wataalamu huziita turbopropu.

Mashini iliyo mashuhuri kuliko zote za jamii hii huitwa PT6, nayo ni kazi ya Pratt & Whitney wa Kanada. Ndani yake mna turbini mbili zisizoungwa kwa chuma. Ya kwanza huzungusha kikandamizi cha hewa, ya pili huzungusha rafadha, na kati yao hamna kitu ila hewa ya moto inayopita. Chukua feni mbili za mezani uzielekeze uso kwa uso. Washa moja tu, utaona ya pili nayo inazunguka kwa upepo wa mwenzake. Fundi wangu alipoona jambo hilo alinyamaza, kisha akauliza swali zuri: mbona rafadha haivunjiki kwa mwendo huo? Jibu ni gia. Kikandamizi huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na turbini ya rafadha nayo ni ya mbio vile vile, lakini gia huzipunguza mbio hizo hata rafadha ikazunguka kadiri ya mara 1,700 tu.

Sasa, kwa nini tujisumbue na rafadha, na jeti zipo? Mtazame mvuvi wa Tanganyika. Kasia lake ni pana, naye hulivuta polepole. Angelivuta fimbo nyembamba kwa kasi kubwa angetoka jasho bure. Hesabu yake ni hii. Msukumo hufuata uzito wa hewa ukizidishwa kwa mwendo wake, yaani m × v. Lakini nguvu inayopotea katika hewa iliyotupwa nyuma hufuata nusu ya m × v². Basi chukua hewa mara mbili, uisukume kwa nusu ya mwendo. Msukumo ni ule ule, na upotevu umekuwa nusu. Rafadha hushika hewa nyingi na kuisukuma taratibu. Jeti hushika hewa kidogo na kuitupa kwa ukali.

Rafadha ina mpaka wake, nao ni mwendo wa sauti, ambao ni kama meta 340 kwa sekunde. Rafadha ya Beechcraft 1900, ndege ya abiria 19, ina upana wa karibu meta 2.8. Ikizunguka mara 1,700 kwa dakika, ncha zake huenda karibu meta 250 kwa sekunde, na hapo hatujaongeza mwendo wa ndege yenyewe. Ncha zikikaribia mwendo wa sauti, kelele huzidi na faida hupungua. Kwa hiyo ndege ya rafadha haiwezi kukimbizana na jeti.

Lakini huku kwetu ikimbilie wapi? Kutoka Bujumbura mpaka Kigali, kama arukavyo ndege wa porini, ni kilomita 175 hivi, na Kigoma ni karibu vile vile. Beechcraft huenda kadiri ya kilomita 480 kwa saa, basi safari ya Kigali ni dakika 22, bila kuhesabu kupanda na kushuka. Jeti ya kilomita 830 kwa saa ingetumia dakika 13. Imeokoa dakika tisa! Na hata hizo tisa ni za karatasini, maana jeti hupenda kupaa zaidi ya meta 10,000, na kabla haijafika huko imekwisha kuanza kushuka. Abiria hungoja sanduku lake muda mrefu kuliko huo. Kwa njia fupi kati ya milima, ndege ya mapanga ndiyo yenye akili.

Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1971, na mwaka 1975 likapewa jina la Air Burundi. Liliwahi kurusha Twin Otter, ndege inayoweza kuruka katika njia isiyofika meta 400, na uwanja wa Bujumbura una njia ya meta 3,600. Ni kama mtoto mchanga aliyelazwa katika kitanda cha sultani.

Yaliyolipata si ya mapanga. Vita vilianza mwaka 1993. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kutwaa serikali, nchi jirani zilikutana Arusha zikaiwekea Burundi vikwazo, hata vya safari za ndege, navyo vilisimamishwa Januari 1999. Fikirini shirika ambalo riziki yake yote ni kwenda kwa jirani, na jirani amefunga mlango. Desemba 2000 ndege ya Sabena, jeti kubwa iliyotoka Ulaya, ilipigwa risasi ilipokuwa ikishuka Bujumbura. Mwishoni Air Burundi ilikuwa ikitegemea Beechcraft 1900 moja tu, na mwaka 2009 safari zake zikakoma.

Ndege moja! Hapa ndipo penye somo la hesabu. Kila ndege lazima ikae gereji baada ya saa zilizoandikwa kitabuni, na hakuna fundi mwenye haki ya kusema "itafika tu" kama tusemavyo juu ya basi. Tuseme ndege haipatikani siku moja katika kila kumi. Mwenye ndege moja atawavunjia abiria ahadi siku hiyo. Mwenye ndege mbili, kila moja ikiwa na uzima wake mbali na mwenzake, atakosa zote mbili siku moja tu katika mia. Lakini ndege ya pili yataka fedha, na viti 19 vya kila siku kwenda Kigali havijai vyote. Mwenye soko dogo hawezi kununua ya pili, na asiyenunua ya pili hulipoteza hata lile soko dogo. Jirani zetu wa Rwanda walioanza shirika lao jipya mwaka 2002 walipata ndege kadhaa, nao wakaja Bujumbura na Dash 8 Q400, ambazo ni za rafadha vile vile. Nasikia uchungu kidogo, maana saa za safari na bei ya tikiti hupangwa na mwenye ndege, si na mwenye uwanja. Mwaka 2021 serikali iliunda shirika lingine, Burundi Airlines. Mimi sikuuliza wataita ndege gani. Niliuliza ngapi.

Sasa hesabu mbili za Kidato cha Tatu. Bujumbura mpaka Entebbe ni kilomita 510 hivi: tafuteni dakika ambazo jeti ingeokoa, kwa mwendo nilioutaja juu. Kisha, shirika lina ndege tatu na kila siku lahitaji mbili. Kila moja hukosekana siku moja katika kumi. Je, katika siku 1,000 litavunja ahadi siku ngapi? Wa kwanza kupata 28 amwoneshe mwalimu wake njia aliyopita.