Nyota Tano na Amri ya Nane



Zamani mtu akitaka kununua kitu alikwenda sokoni, akakishika, akakigeuza, akamtazama muuzaji usoni, tena akawauliza jirani zake kama mtu huyo ni mwaminifu. Siku hizi wengi wetu twanunua kwa simu. Chaja, nyaya zake, betri na vikorokoro vingine twaviona katika picha tu. Fedha twazituma kwa simu. Na mzigo waja kwa basi kutoka Kariakoo mpaka Songea au Bukoba. Muuzaji hatumjui, na huenda hatutamwona kamwe. Basi, ni nani atakayetushuhudia uaminifu wake? Twaangalia nyota alizopewa na waliotangulia kununua. Au, katika kurasa za wauzaji wa kwetu, twaangalia hesabu ya wafuasi wake na picha za shukrani za wateja. Nasi twasema moyoni: "Watu wengi namna hii hawawezi kudanganyika." Twalipa.

Leo yafaa tuchunguze jambo hili, maana lahusu mali na usalama wa nyumba zetu, tena lahusu amri mbili za Mungu, ya saba na ya nane.

NYOTA NI USHAHIDI

Kumpa muuzaji nyota ni kutoa ushahidi mbele ya watu. Anayezitoa asema: "Mimi nilinunua, nikaona, nami nawaambia ninyi msionijua kwamba mwaweza kununua." Na kila ushahidi hupimwa kwa maswali mawili. Je, shahidi huyu ni msema kweli? Na je, jambo analolishuhudia ameliona? Wengi wetu huuliza swali la kwanza tu, na kumbe la pili ndilo kubwa zaidi.

Tutazame mfano. Marekani iko ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la nchi ile, iitwayo GAO. Ofisi hiyo ilinunua vitu 47 katika masoko 5 ya mtandaoni: viatu, vikombe vya safari, vipodozi na chaja za simu. Ilichagua wauzaji ambao sifa zao kwa wateja zilipita asilimia 90. Kisha vitu vilichunguzwa na wenye alama za biashara. Taarifa iliyotolewa mwaka 2018 yaeleza kwamba vitu 20 kati ya hivyo 47 vilikuwa bandia. Viatu 15 vyote vilikuwa halisi. Vikombe 6 kati ya 9 vilikuwa bandia. Chaja 1 kati ya 10 ilikuwa bandia. Na vipodozi 13 vyote, bila kusaza hata kimoja, vilikuwa bandia.

Je, wateja waliowasifu wauzaji wale walikuwa waongo wote? Hapana. Hapana shaka wengi walisema kweli waliyoijua: mzigo ulifika upesi, rangi ni ile ile, muuzaji alijibu kwa adabu, chaja inafanya kazi. Lakini aliyepokea chaja jana na kuisifu leo hawezi kushuhudia yaliyo ndani yake. Hakuyaona.

NDANI YA CHAJA

Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230. Simu yahitaji volti chache tu, mara nyingi 5. Kazi ya chaja ni kuupunguza umeme ule mkali, na kuutenga usiufikie waya anaoushika mtu. Katika chaja iliyotengenezwa vema, pande hizo mbili zimetengwa kwa nafasi ya kutosha na kwa vitu visivyopitisha umeme. Mwenye kughushi hupunguza hapo hapo, kwa sababu hapo pana gharama na hapaonekani. Ganda ni lile lile, jina ni lile lile, na simu yajaa umeme kama kawaida.

Mwaka 2016 chama cha wakaguzi wa biashara cha Uingereza kilitangaza matokeo ya majaribio ya chaja 400 za bandia zenye jina la Apple, zilizonunuliwa kwa mtandao kutoka nchi 8. Zilipimwa kama zaweza kumkinga mtu asipigwe na umeme. Zilizofaulu zilikuwa 3 tu. Fikirini basi: nyingi katika hizo 397 zilizoshindwa zingeweza kuijaza simu usiku wa kwanza, na mteja angeandika kwa moyo mnyofu kabisa: "Nzuri sana, nyota tano."

Twakumbuka kwamba mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini. Iliweza kufanya hivyo kwa kuwa kila simu ina namba yake ya utambulisho, ambayo mtu huisoma kwa kubonyeza *#06#. Chaja haina namba ya namna hiyo, wala hakuna atakayeizima kutoka mbali. Ulinzi wake umo mikononi mwa baba na mama wa nyumba.

MASHAHIDI WA KUNUNULIWA

Pamoja na hao wasiojua, wako pia mashahidi waongo hasa. Wengine hurudishiwa fedha zao kwa siri wakiisha kuandika sifa. Wauzaji wengine hutuma vifurushi visivyoagizwa kwa watu wasiowajua, wapate kuandika sifa kwa majina ya watu hao. Mwaka 2020 watu wengi wa Marekani walipokea mbegu wasizoziagiza, na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ikaeleza kwamba yaelekea ni hila hiyo. Ubaya huu umeenea hata serikali zimetunga sheria: Marekani ilipiga marufuku sifa za uongo kwa kanuni ya mwaka 2024, na Uingereza kwa sheria ya mwaka huo huo, iliyoanza kufanya kazi katika jambo hili Aprili 2025.

Na kwetu je? Wafuasi hununuliwa, na picha za shukrani hutungwa. Vijana wetu huahidiwa shilingi kidogo ili wabonyeze nyota kwa vitu wasivyovigusa. Na mara nyingi, baada ya siku chache, huambiwa watangulize fedha zao wenyewe, nazo hazionekani tena.

Kijana atauliza: "Nyota moja yamdhuru nani?" Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2484, yafundisha kwamba uzito wa uongo hupimwa pia kwa madhara yanayowapata waliodanganywa. Mama mmoja mkoa mwingine ataiona nyota ile, atanunua chaja, ataichomeka karibu na kitanda cha mtoto. Huyo ndiye anayedhurika. Tena namba 2487 yatukumbusha kwamba aliyekosea haki na kweli ana wajibu wa kufidia. Kuungama peke yake hakutoshi; nyota ya uongo na iondolewe, kama yaweza kuondolewa.

NA MUUZAJI MKRISTO?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijadili jambo la udanganyifu katika kuuza na kununua. Afundisha kwamba kasoro iliyofichika, yenye kuleta hatari au hasara, muuzaji hana budi kuitaja. Aliyeuza kitu kibaya pasipo kujua hana dhambi. Lakini akiisha kujua, amewiwa kumfidia mnunuzi. Basi neno lile, "Nami niliuziwa hivyo hivyo," latosha mpaka siku ile tu anapoujua ukweli.

Wengine husema: "Mnunuzi mwenyewe ajua kuwa ni bandia, maana bei ni ndogo." Pengine ajua kwamba jina ni la kuiba. Je, ajua kwamba ndani hamna kinga? Na mgeni atakayeiazima, na mtoto atakayeishika, wao walikubali lini? Twajua kwamba wengi hawana fedha za kununua vitu vya bei kubwa. Lakini kitu cha bei nafuu si lazima kiwe bandia. Yuko mtengenezaji asiye na sifa kubwa anayeandika jina lake mwenyewe juu ya kazi yake. Huyo aweza kuulizwa. Aliyeandika jina la mwingine amekwisha kutuonyesha kwamba hataki kuulizwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusihesabu nyota kabla ya kusoma maneno. Tumtafute aliyetumia kitu kwa miezi kadhaa, tumsikilize na yule aliyelalamika. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pili, kitu cha kuchomekwa katika umeme tukinunue, ikiwezekana, dukani kwa mtu tuwezaye kumrudia, nasi tudai risiti. Nyota zaweza kutosha kwa kununua kitana; kwa chaja hazitoshi.

Tatu, chaja ikipata moto mkali, ikinuka, au ikimpiga mtu, iondolewe mara moja. Asiuziwe mwingine, wala asipewe msaidizi wa nyumbani kana kwamba ni zawadi. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko juu ya bidhaa bandia, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Aliyedanganywa akinyamaza, jirani yake atadanganywa kesho.

Nne, tunapotoa nyota tuwe mashahidi wa kweli. Tuandike tuliyoyaona na siku tulizotumia kitu: "Nimeitumia wiki moja, ndani yake sikujui." Tusimsifu mtu kwa malipo. Wala tusimpe mshindani wetu nyota moja ili kuiua biashara yake, kwa maana huko ni kumsingizia mwenzetu.

Wazazi, wafundisheni watoto mambo haya mapema. Wamekwisha jifunza katika katekisimu kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi. Lakini huenda wanafikiri kwamba amri hiyo ni ya mahakamani tu, mbele ya hakimu. Waonyesheni kwamba siku hizi kila mwenye simu huitwa kushuhudia mara nyingi kwa juma, mbele ya watu asiowajua, nao humsadiki. Anayesadikiwa na wageni ana deni kwao: awaambie kweli.