Njia Moja, Mizigo Miwili: Uzito wa Mwili na Nguvu Tunayotumia Katika Mazoezi



Likizo iliyopita mama yangu alishauriwa kliniki atembee nusu saa kila siku, kwa sababu sukari yake ilikuwa ikipanda. Nikajitolea kumsindikiza. Kila jioni tulitoka Chumbageni kuelekea Raskazone, upepo wa bahari ukitupiga usoni. Mimi nina kilo 60, yeye ana kilo 90. Siku ya tatu aliketi kando ya barabara, akavua kandambili, akasema, "Frateri, nimechoka." Nikamjibu, "Mama, mbona mimi sijachoka, na njia ni ileile?" Alinyamaza. Kesho yake hakutaka kutoka.

Nilidhani ninamtia moyo. Kumbe nilikuwa nimekosea hesabu, na kosa hilo ndilo somo letu.

Hesabu yenyewe

Kalori ni kipimo cha nishati. Ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzijoto 1. Mtu aliyetulia bila kufanya kazi hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa. Akitembea kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hutumia kama mara 3.5 ya hiyo.

Basi, tuzidishe. Kwa nusu saa mimi wa kilo 60 natumia kalori 105 hivi. Mama wa kilo 90 anatumia kama 157. Njia ni moja, muda ni mmoja, lakini yeye amefanya kazi mara moja na nusu ya yangu. Sababu yake ni rahisi: kila hatua huunyanyua mwili na kuusukuma mbele, na mwili mzito unadai zaidi. Tena moyo na mapafu ya mtu asiyezoea mazoezi hufika karibu na kikomo chao mapema. Kwangu yalikuwa matembezi. Kwake ilikuwa kazi.

Je, mizigo yote ni sawa?

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kikikuyu na Kijaluo nchini Kenya. Wakikuyu walibeba mzigo mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, Wajaluo walibeba kichwani. Iligundulika kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza siri: mwendo wao ulifanana na pembea inayokwenda na kurudi bila kupoteza nguvu nyingi. Mwanamke wa kilo 60, basi, angebeba kilo 12 namna hiyo. Ndoo ya lita 20 ingemzidi, na hapo gharama huanza kupanda.

Hiyo ni stadi ya miaka mingi. Unene haubebwi kwa stadi hiyo, kwa maana umekaa tumboni, mapajani na miguuni, nao hauwezi kutuliwa njiani.

Baiskeli na mlima

Aina ya zoezi nayo hubadilisha hesabu. Sisi watu wa Tanga tunajulikana kwa baiskeli. Kwenye barabara tambarare baiskeli huubeba mwili, na adui mkubwa wa mwendeshaji ni upepo; hapo tofauti ya mnene na mwembamba hupungua. Lakini ukipanda kutoka Mombo hadi Lushoto, karibu mita 1,000 kwenda juu, kila kilo inadai haki yake. Kwa hiyo mtu mzito anayeumwa magoti anaweza kuanza na baiskeli, au kutembea ndani ya maji ya bahari yanayopunguza uzito unaokandamiza miguu.

Tahadhari mbili. Kwanza, kalori 157 ni kama soda moja ya chupa tu. Bila kuangalia sahani, matembezi peke yake hayatoshi. Pili, mama akipungua hadi kilo 80, nusu saa ileile itatumia kalori 140 tu. Ili afikie zile za mwanzo atahitaji dakika 34 hivi. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani wameshindwa, kumbe mwili umepata nafuu.

Alichokiona Aristotle

Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anafundisha kwamba kiasi cha kati si kimoja kwa watu wote. Anatoa mfano wa chakula: kinachokuwa kidogo kwa Milo, mpiganaji mieleka, ni kingi kwa anayeanza mazoezi. Nilikuwa nimeusoma mfano huo darasani na kuujibia mtihani. Barabarani, mbele ya mama yangu, niliusahau. Hata Bwana wetu, alipoitazama sadaka ya mjane, hakuhesabu sarafu. Alitazama ilimgharimu nini.

Jioni ile nilichukua karatasi nikamwonyesha mama hesabu hii, nikamwomba radhi. Aliitazama, akacheka. "Kwa hiyo wewe ndiye mvivu," alisema. Kesho yake tulitoka, dakika kumi kumi, tukipumzika katikati. Safari hii yeye ndiye aliyepanga mwendo.

Maswali ya kutafakari

1. Katika jumuiya yako, nani huonekana mvivu kwa sababu tu mzigo wake hauonekani?
2. Unapofanya mazoezi na wengine, nani hupanga mwendo?
3. Ni zoezi gani linalolingana na mwili ulio nao leo?