SOMO LA UFUNDI: KUFUNGA GEJI KWENYE DASHIBODI YA GARI

Somo letu la leo linahusu gari. Labda wewe huna gari. Lakini kama unakaa Hedaru, au kule juu Vunta, mzigo wako unasafiri kwa gari, na wewe mwenyewe unapanda. Wapo pia wenzetu waliochanga fedha katika kikundi wakanunua pikapu kuukuu. Gari la kikundi likifa, fedha ya watu wengi imekufa.

Injini nyingi hufa kwa mambo mawili: joto kupita kiasi, au kukosa oili. Hapa kwetu joto ni adui mkubwa. Hedaru iko tambarare, chini ya milima ya Upare, na jua lake tunalijua. Gari likiacha lami na kuanza kupanda mlima, linakwenda kwa gia ya kwanza au ya pili. Injini inafanya kazi nyingi, lakini gari linatembea polepole. Upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo. Joto linapanda. Dereva asipolijua mapema, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na maji yanaingia kwenye oili.

Dereva atajuaje mapema? Wengi wanategemea taa nyekundu. Taa ni nzuri, lakini inachelewa. Taa ya oili huwaka presha ikiwa imekwisha kabisa, karibu 0.3 hadi 0.5 ya "bar". Ikiwaka ukiwa katikati ya mlima, vyuma vimekwisha kuanza kulana. Na magari mengi madogo ya Kijapani, kama Toyota Vitz na Passo, hayana geji ya joto. Yana taa ya buluu ya baridi na taa nyekundu ya joto. Katikati ya hizo mbili dereva haoni kitu.

Geji inatoa namba, au angalau mshale. Unaiona ikitoka 85, inafika 92, inafika 98. Unapata muda wa kusimama. Ndiyo maana watu hununua geji za kuongeza, wakazifunga wenyewe au kwa fundi.

Hebu kwanza tusome namba zenyewe, maana hapa kujua kusoma kunalipa. Geji nyingine zimeandikwa herufi C, nyingine F. C ni Sentigredi, F ni Farenhaiti. Maji yanachemka kwenye 100 ya C, au 212 ya F, ukiwa usawa wa bahari. Ukiwa na namba ya F, toa 32, zidisha kwa 5, halafu gawa kwa 9. Utapata C. Dereva aliyezoea C akiona 190 kwenye geji ya F anaweza kuruka nje ya gari bure, kumbe ni 88 tu.

Kwa injini nyingi joto la kawaida ni kati ya 80 na 95 ya C. Presha ya oili ikiwa injini imepata moto na gari linatembea, ni kama 2 hadi 4 za "bar". Geji nyingine zimeandikwa "psi". "Bar" 1 ni karibu "psi" 14.5. Lakini kila injini ina tabia yake. Andika kwenye daftari namba za gari lako likiwa zima, ili siku likiumwa uone tofauti.

Sasa tufunge. Geji za duka ziko za aina mbili. Ya kwanza haitumii umeme. Geji yake ya joto ina mrija mwembamba wa kopa uliofungwa kabisa, na ndani yake mna kimiminika au gesi. Mrija huo haukatwi wala haukunjwi kwa nguvu. Ukiukata, umeitupa geji. Geji ya oili ya aina hii ina kibomba kinacholeta oili yenyewe hadi nyuma ya dashibodi. Kikipasuka, oili ya moto inamwagikia miguu ya dereva. Sisi tunapendelea aina ya pili, ya umeme, ambayo oili na maji vinabaki kule kwenye injini na waya tu ndio unaoingia ndani.

Geji ya umeme ina sensa yake. Nunua vyote viwili pamoja. Sensa ya geji nyingine inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu, na bado ikatoa namba za uongo.

Kabla ya kushika waya wowote, fungua waya wa hasi wa betri. Injini iwe imepoa. Sensa ya joto hufungwa kwenye injini yenyewe, au kwenye kipande cha chuma kinachounganishwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Hapa mafundi wengi wanakosea. Sensa nyingi za waya mmoja hupata athi kupitia meno ya skrubu yake. Ukizungushia utepe mweupe wa bomba mwingi, umeme hauna njia, na geji inasoma chini. Na ukitumia kile kipande cha kwenye mpira, kimezungukwa na raba pande zote, kwa hiyo lazima ukifungie waya wa athi hadi kwenye chuma cha injini.

Waya ukipita kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dereva, tia raba kwenye tundu. Bati ni kali kama kisu. Mtikisiko wa barabara ya mawe utaula waya hadi ukutane na bati, na hapo ndipo moto unapoanza. Waya wa umeme wa geji utoke kwenye swichi ya ufunguo, upitie fyuzi ndogo, ya ampea 3 au 5. Fundi akikwambia fyuzi haina haja, tafuta fundi mwingine.

Dashibodi ya bati ya Land Rover ya zamani inatobolewa bila shida. Pima geji kwanza. Nyingi zina upana wa milimita 52. Kwa magari mapya, tafuta herufi SRS au neno AIRBAG. Hapo nyuma kuna mfuko wa hewa unaolipuka gari likigonga. Usitoboe hapo, wala usiguse waya zake, ambazo mara nyingi ni za njano. Funga geji kwenye kibati chini ya dashibodi, mahali ambapo dereva ataiona bila kuinama.

Usiiamini geji kabla ya kuipima. Chemsha maji kwenye sufuria. Unganisha sensa na geji yake, na mwili wa sensa uunge na hasi ya betri. Tumbukiza ncha tu. Kwa Hedaru isome chini kidogo ya 100. Huko juu itasoma chini zaidi, kwa sababu kila ukipanda mita 300 maji huchemka karibu digrii 1 mapema.

Liko jambo moja ambalo hata geji nzuri haliwezi. Sensa ya joto inapima maji. Mpira ukipasuka na maji yote yakamwagika, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza kurudi chini wakati injini inaungua. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, usifurahi. Simama, zima, na uangalie. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati huo. Ndani mna maji ya moto yenye presha, na yakiruka yanaunguza uso na macho. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua. Na maji ya baridi usiyamwage kwenye injini yenye moto, chuma kitapasuka.

ZOEZI. Jibuni katika kikundi chenu.
1. Gari linapanda kwenda Vunta. Geji ya F inasoma 194. Je, ni ngapi kwa C? Dereva aendelee au asimame?
2. Baada ya muda inasoma 230. Ni ngapi kwa C? Elezeni dereva afanye nini, hatua kwa hatua.
3. Dakika chache baadaye, gari likiwa bado linapanda, mshale umeshuka hadi 140. Abiria mmoja anasema injini imepoa. Mnamjibuje?