Fremu za Madirisha

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunajenga kidogo kidogo kwa mshahara mdogo, na fremu ikioza hatuna budi kuubomoa ukuta. Hapa Uganda mvule hustahimili mchwa, lakini tuchague mbao za kahawia; ule weupe wa pembeni huliwa na wadudu, ingawa muuzaji atatudai bei ile ile. Mkaratusi ni rahisi, ila ukiwa mbichi hupinda na kupasuka. Mafundi huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi 1 ya unene. Basi tununue mapema, tupange mbao kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite. Kabla fremu haijaingia ukutani, tupake rangi pande zote, hasa ncha zilizokatwa, maana huko ndiko maji hunyonywa zaidi. Upande unaogusa tofali hautafikiwa tena na brashi. Maseremala wengine huuacha mtupu wakijua hivyo.