Kifutu Akiuma, Usifunge Kamba



Leo tujifunze juu ya kifutu. Sehemu nyingine huitwa bafe au moma.

Kifutu ni mnene na mfupi. Urefu wake ni kama mita moja. Kichwa chake ni kipana. Mgongoni ana alama kama herufi V. Rangi yake hufanana na majani makavu.

Nyoka wengi hukimbia wanaposikia kishindo cha mtu. Kifutu hutulia palepale. Ukimkanyaga, anauma. Ndiyo maana wengi huumwa mguuni, hasa usiku.

Sumu yake huharibu nyama ya mwili. Mguu huuma sana, huvimba na kutoa malengelenge. Nyama huweza kuoza. Wengine hufa.

Siku moja kijana mkulima aliletwa zahanati kwetu. Aliumwa jana yake jioni. Ndugu zake walimfunga kamba chini ya goti. Wakamchanja kwa wembe, wakambandika jiwe jeusi. Walitaka kumsaidia. Lakini kamba ilizuia damu usiku kucha. Mguu ulikuwa baridi na mweusi. Hospitalini aliokolewa, lakini mguu ulikatwa.

Mtu akiumwa, fanyeni hivi:

1. Ondokeni alipo nyoka. Msipoteze muda kumtafuta.
2. Mlazeni mgonjwa na kumtuliza. Asitembee, maana kutembea huharakisha sumu mwilini.
3. Mvueni viatu, pete na bangili kabla hajavimba.
4. Wekeni fito kando ya mguu ili usichezecheze. Zishikizeni kwa kitambaa kisichobana.
5. Mbebeni upesi kwa machela au chombo chochote. Dawa ya kupinga sumu ya nyoka hutolewa hospitalini. Si kila zahanati inayo. Kwa hiyo ulizeni mapema mahali ilipo.

Msifunge kamba. Msichanje. Msinyonye sumu. Jiwe jeusi haliondoi sumu, bali linawachelewesha.

Kinga ni bora kuliko tiba. Usiku tembea na taa. Vaa viatu vya kufunika mguu uendapo shambani au kuokota kuni. Usitie mkono katika shimo au chini ya gogo. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba. Panya huvuta nyoka, kwa hiyo hifadhi nafaka vizuri.

Maswali ya majadiliano:

1. Kwa nini kufunga kamba ni hatari?
2. Hospitali gani iliyo karibu nasi ina dawa ya sumu ya nyoka?
3. Mtu akiumwa usiku kijijini kwetu, tutambebaje?